Tulilishusha Gari Lako

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na afande atakayeifungua barua hii kabla yako. Naye namwomba asome taratibu, maana mwandiko wangu unajulikana ukoo mzima kwa ubaya wake. Natumaini unapata usingizi, na kile kikohozi chako cha asubuhi kimepungua. Nilikuletea sweta nikaambiwa rangi yake hairuhusiwi, nikarudi nalo. Nitatafuta jingine la rangi wanayoitaka wao.

Kwa upande wetu, desturi inanitaka niseme hatujambo. Mama anakula, ila mpaka umkalie mbele kama mtoto. Shangazi bado yupo kwetu. Amesema haondoki mpaka nguo za Baba zipangwe na zigawiwe, na kila tukikaa kuzipanga yeye ndiye wa kwanza kulia, kazi inaishia hapo. Mimi bado naendesha gari la mikate, nazunguka madukani tangu alfajiri na narudi nanuka hamira. Hivyo ndivyo tulivyo, na neno hatujambo leo sitaliandika.

Nakuandikia kwa sababu ya swali lako. Siku ile ulipoitwa ofisini ukapewa simu, na ikawa zamu yangu kukuambia kwamba Baba ametutoka, hukuuliza ameuguaje wala anazikwa lini. Uliuliza kitu kimoja, kama amekufa akiwa bado amekukataa. Nikafungua mdomo nikujibu, kilio kikanitangulia, na mwenye simu akasema muda umekwisha. Najua ulirudi ndani umeshajijibu mwenyewe, na wewe ukishajijibu hakuna wa kukutoa hapo. Basi leo nisikilize mpaka mwisho, na usiruke mistari. Jibu la swali lako limepitia kwenye gari lako, kwa hiyo itabidi nianzie huko, na mambo mengine nitakayokuambia hutayapenda.

Siku ulipolileta lile gari nyumbani mimi nilikuwepo. Lilikuwa refu, jeusi, linang'aa, na Mama alilizunguka akisema hili la kupanda kwa ngazi. Baba alitoka chumba cha kushonea na futi yake shingoni, akalitazama kuanzia magurudumu mpaka paa, kisha akakuuliza mtu aliyeacha cherehani juzi amelipata wapi jana. Ukasema biashara ya vipuri. Akasema hatatia mguu ndani yake, akarudi kwenye kazi yake. Na kweli hakutia. Ulimpitia kituoni mvua ikinyesha, akakuacha na mlango uko wazi, akaja nyumbani kwa miguu akiwa ameloa chapachapa.

Kisha yakatokea yaliyotokea. Vipuri vikaonekana ni vya magari ya watu yaliyoibwa, wewe ukahukumiwa, na Baba hakukanyaga mahakamani hata siku moja. Polisi walilichunguza gari, wakaona karatasi zake ni halali, wakaturudishia, tukaliegesha nyuma ya nyumba chini ya turubai. Jina lako likawa halitajwi mezani. Ikibidi kabisa, Baba alisema "yule". Shangazi alimfuata chumbani kwake akamwambia kwamba mtoto akikunyea mkono huukati, unaunawa. Baba akamjibu kwamba yeye anasubiri maji. Hayo sikufichi, kwa sababu unayajua, na kwa sababu ulipouliza swali lako ulikuwa na haki ya kuuliza.

Usichokijua ni ugonjwa. Tulikuambia mzee ana mgongo, na ukacheka ukasema mgongo wa cherehani. Haukuwa mgongo. Ilikuwa saratani ya tezi dume, na ilipogunduliwa ilikuwa imeshapanda kwenye mifupa. Daktari alizungumza na mimi koridoni, nimesimama na trei ya mikate mkononi kwa kuwa nilikuwa napeleka jikoni kwao, na sijui niliiweka wapi ile trei. Baba alikataza usiambiwe. Alisema mfungwa hana pa kwenda kulia. Akawekewa mpira wa mkojo na mfuko wake, na ule mfuko aliuonea haya kuliko ugonjwa wenyewe. Alikata kitambaa cha bitana ya koti akaushonea kipochi chenye vifungo, akawa anaufunga pajani ndani ya suruali. Mgeni angeweza kukaa naye mchana kutwa asijue kitu.

Asubuhi moja nilikuwa namfunga viatu, akaniuliza kama gari la yule lina mafuta. Nilidhani maumivu yanamchanganya. Akasema anataka kupelekwa kukuona. Mdogo wangu, nililia nikiwa nimepiga magoti pale, kamba ya kiatu mkononi, na yeye akaniambia nimalize kufunga kwanza ndipo nilie. Nikasema nitakodi teksi ndogo, ya chini, asihangaike. Akakataa. Nikasema nitaomba gari la kazini. Akaniuliza kama yeye ni mkate.

Alitaka gari lako na hakutaka lingine. Mwanzoni hakutaka kueleza. Nilipombana akasema kwamba alitamka mbele ya mwanawe kuwa hataliingia gari lile, kwa hiyo siku mwanawe atakapomwona anashuka humo kwa miguu yake mwenyewe, hakutakuwa na haja ya maneno. Unamjua Baba. Katika maisha yake hakuwahi kumwomba radhi mtu mdogo kwake, na nadhani hata maneno ya kuombea radhi hakuyajua. Alilojua ni kufanya. Mimi nilielewa, na tangu siku ile sikufikiria kitu kingine.

Tatizo likawa urefu wake. Tulitoa turubai, nikachaji betri, nikalileta mpaka mlangoni. Baba akashika mlango, akainua mguu, mguu ukaishia njiani. Akajaribu wa pili. Nikamshika kwapani nimsukume juu, akapiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kutoka kwake, Mama akatoka jikoni mbio. Tukamkalisha kwenye kiti. Alipopata pumzi akasema hapakiwi na mtu kama gunia, si leo wala siku atakayokuona wewe. Nikajua hapo ubishi umekwisha. Ama gari lishuke, ama safari ife.

Basi fundi cherehani akaanza kupima. Alipima kila kitu cha kukalia ndani ya nyumba. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni akashindwa kuinuka. Akakaa kwenye kiti cha mezani, kwenye sanduku la Mama, kwenye ukingo wa kitanda, kila mara akishuka na kuinuka peke yake huku meno ameyauma, na mimi nikisoma futi. Kitanda ndicho kilichomkubali. Kisha tukapima kiti cha gari lako, na tofauti ikawa upana wa kiganja chake. Akanionyesha kiganja, akasema gari lipunguzwe hivi.

Nilimwita yule fundi wako wa zamani, yule mnayemwita Kimya kwa sababu hanyamazi. Alikuja akalala chini ya gari akatoka huku akisema, na akaendelea kusema mpaka alipoondoka. Lakini kazi anaijua. Alisema njia ya bei ya chini kuliko zote ni kukata springi, unatoa zile zilizopo, unapitisha grainda, unazirudisha fupi. Nusu ya vijana wa mtaani wanaotembelea magari yaliyolala chini wamefanya hivyo. Baba alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamuuliza, mteja akileta suruali ndefu, yeye hukata? Kimya akasema hajui kushona. Baba akamwambia fundi wa kweli hakati, anapinda ndani, kwa sababu mwenye suruali anaweza kuihitaji tena ilivyokuwa. Ukikata umeamua kwa niaba yake. Hili gari lina mwenyewe, akasema, na mwenyewe akitoka atalitaka kwa kimo alichokiacha. Nilimtazama Mama, Mama akanitazama. Siku ile ulipanda cheo, mdogo wangu. Kutoka "yule" ukawa "mwenye gari".

Kwa hiyo ikawa ni kununua, na mfuko wetu unaujua. Kimya alitupeleka kwanza kwa muuza vipuri vya mtumba, ambaye alikuwa na seti ya shokapu zilizovikwa springi, zenye uzi wa skrubu na nati, unazungusha nati gari linapanda au linashuka unavyotaka. Baba alizipenda, alisema ni kama mkanda. Lakini Kimya alipojaribu kuzungusha, nati haikutikisika. Alining'inia kwenye spana mpaka mshipa wa shingo ukamsimama, akasema hizi zimeshaoana na kutu, hawaachani. Muuzaji akatuapia kwamba nyumbani zitazunguka. Duka kubwa la barabarani walikuwa nazo mpya, na yule dada wa duka alitutajia bei kwa upole kabisa, kama anayetupa pole. Tukamshukuru tukatoka.

Tulichochagua ni springi fupi mpya, za kampuni ambayo Kimya mwenyewe hakuwahi kuisikia, na shokapu fupi za kuendana nazo, kwa sababu zile za zamani zilikuwa ndefu mno na gari lingedunda kama mpira. Kimya hakutuficha. Alisema springi za bei hii zinashusha gari kwa kuwa ngumu. Alisema mgonjwa atakayekaa humo atasikia kila kokoto la barabara, na kwamba rahisi ghali. Baba akajibu kwamba mifupa ni yake. Kimya akaongeza jambo la pili. Akasema gari likishushwa hivi halina tena nafasi ya kubonyea chini, kwa hiyo watu wakae mbele tu, nyuma pasipakiwe mtu wala mzigo. Alilisema mara moja, katikati ya maneno yake mengine elfu. Mimi nililisikia, na Baba alilisikia.

Hata hivyo gari halikushuka kiganja kizima, magurudumu yangesaga bodi. Palipobaki Baba akapamaliza mwenyewe. Alifumua kiti cha mbele kwenye mshono, akatoa tabaka moja la sponji, akakishona tena kwa mkono, amekaa kwenye kiti uani, sindano kubwa kidoleni, akipumzika kila baada ya mishono michache. Ukikiangalia leo huwezi kusema kimeguswa. Na siku alipojaribu, alirudi kinyumenyume mpaka akagusa kiti, akakaa, akainua mguu mmoja kwa mikono yake, akainua wa pili, akavuta mlango. Peke yake. Mama alipiga makofi mpaka majirani wakachungulia. Baba alikataa kushuka mpaka wakati wa chakula. Aligundua kitufe cha kioo, akawa anapandisha na kushusha, anapandisha na kushusha, nikamwambia atamaliza betri. Akasema hakujua kwamba mtoto wake alikuwa anakaa pazuri hivi.

Niliomba ruhusa kwa simu, na yule ofisa wenu wa wageni akawa mwungwana. Akasema kwa kuwa mzee ni mgonjwa, gari liruhusiwe kupita geti la nje liegeshwe mbele ya ule wavu mnaokaa nyuma yake wakati wa kutembelewa. Baba aliposikia hivyo alifumba macho. Ilimaanisha utakuwa umekaa pale na utaliona gari lako likiingia, kisha utaona nani anashuka. Akatoa suti yake ya kijivu, ile aliyojishonea alipostaafu, akaibana kiunoni mara ya pili mwaka ule, maana mwili ulikuwa umekwenda.

Sasa nafika kwenye kosa, na ni kosa ambalo pengine ni sisi tu tungelifanya. Tulilijaribu gari mara nyingi, lakini kila mara Baba akiwa mbele na mimi kwenye usukani. Asubuhi ya safari Mama akatoka amevaa, bila shaka, mwana ni wake. Na nyuma ya Mama akatoka Shangazi, amejipaka poda, na mabunda ya sabuni na dawa za meno na vitambaa vya kukuletea, na beseni jipya ambalo hadi leo sijui alitaka ulifanyie nini. Waliingia nyuma. Gari likashuka. Niliona kwa macho yangu tairi la nyuma linapotea ndani ya bodi. Nikafungua mdomo. Shangazi alikuwa ameshafunga mkanda, anachagua wimbo wa kuimba njiani. Nani angemwambia dada mkubwa wa Baba ashuke kwa sababu ya uzito wake, siku ambayo alikuwa ameipigania kuliko sisi sote? Nikamtazama Baba anisaidie. Baba akatazama nje, upande wa pili. Tuliona haya, mimi na yeye, tukanyamaza, nikawasha gari.

Barabara ya kuja kwenu unaijua. Nilikwenda polepole mpaka wenye malori wakanitukana. Kila shimo lililia chini yetu, na Baba hakulia. Alishika mkanda kwa mikono yote miwili na jasho likamtiririka mpaka kwenye kola. Nilisema turudi. Akasema nikigeuza atashuka na kutembea, na wote tukajua hawezi kutembea, na hakuna aliyecheka.

Pale geti la nje kuna tuta la zege. Nimekuja kwenu mara nyingi kwa miguu, nimelivuka na vikapu, na sikuwahi kuliona. Askari akafungua geti, nikapanda taratibu, magurudumu ya mbele yakavuka, kisha gari likakaa. Tumbo likakaa juu ya zege kwa kishindo, magurudumu yakabaki yanazunguka bure. Baba alitoa sauti ndogo. Nilipogeuka nikaona ameshika paja. Ule mpira ulikuwa umechomoka, na suruali ya kijivu ilikuwa inabadilika rangi mbele ya macho yangu, na askari kijana amesimama dirishani akiuliza kama tuna jeki.

Sijawahi kumwona Baba na uso ule, na namwomba Mungu nisiuone kwa mtu mwingine. Shangazi alishuka, na huyo ndiye Shangazi ninayetaka umkumbuke, akatanua kitenge chake dirishani akasimama nacho kama pazia, akamwambia askari mzee anabadili shati, aende zake. Nilisema tutamfuta, tutamfunika na koti, hakuna atakayejua. Mama akamsihi. Askari walikuwa tayari kumbeba na kiti. Baba akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba hukuwahi kumwona akiwa mchafu tangu uzaliwe, na hatakuonyesha siku hiyo. Kengele ya wageni ikalia. Akaniamuru niingie mimi, usije ukakaa bure ukadhani umesahauliwa, na nikuambie ana mafua.

Ndiyo, mdogo wangu. Siku ile niliyokuja peke yangu, nimevaa gauni la bluu, nikakuambia Baba amebaki nyumbani na mafua, Baba alikuwa nyuma ya ukuta ule uliouegemea. Ulicheka kile kicheko chako cha upande mmoja, ukaniuliza hayo mafua ni ya aina gani yasiyoisha tangu uhukumiwe. Kisha ukauliza habari za gari lako, kama lipo. Nikasema lipo. Ukauliza kama mzee bado hataki hata kuliona. Nikasema hujui kesho. Nilizungumza nawe muda wote ule na sikumbuki kingine ulichoniambia, kwa sababu nilikuwa nasikia askari niliyemwachia usukani akiwasha na kuzima injini nje, nikiomba usiutambue mlio wake.

Yaliyotokea getini niliambiwa na Mama, na mengine na Baba mwenyewe. Wafungwa waliokuwa wanarudi kutoka shambani waliamriwa kulinyanyua gari. Waliomba wote washuke, wakaambiwa kuna mgonjwa, wakasema basi abaki. Wakashika kila upande. Upande wa Baba alishika mtu mrefu mwenye kidole pungufu, wenzake wakimwita Winchi. Alipoinama, shati lake likafika usawa wa dirisha. Mama anasema Baba, katika hali ile, akanyoosha mkono akalishika lile shati kwenye kona ya mfuko, akaligeuza ndani kama anavyogeuza nguo ya mteja. Akamuuliza nani kalishona. Winchi akamwambia lina fundi wake hapo ndani, kijana mmoja msumbufu, kila siku analalamika mkanda wa cherehani umelegea, na hatoi shati mpaka fundo la uzi lifichwe upande wa ndani, hata liwe shati la mfungwa.

Sisi ulituambia uko bustani. Kumbe kiburi ni cha ukoo, hakuna wa kumcheka mwenzake.

Baba hakusema yeye ni nani. Aliushikilia ule mshono akaupitishia kidole gumba, na gari likanyanyuliwa yeye akiwa ameshika shati la yule mtu, mpaka askari alipofoka ndipo akaliachia. Tulipokuwa njiani kurudi aliniambia kona ile ya mfuko ni ya kwake, alikufundisha ukiwa hufikii meza. Halafu akakosoa. Alisema kola imevutwa kidogo, mkanda wa cherehani kweli umelegea, nimtafute mtu akuletee mwingine. Hakutaja mtu yeyote kwa "yule". Alikutaja kwa jina lako, njia nzima.

Muulize Winchi. Hatakuwa anajua alimbeba nani, lakini atamkumbuka mzee aliyemshika shati.

Ningeweza kuishia hapa, na kwa siku nyingi niliamua nitaishia hapa. Ungepata jibu lako ukapumzika. Lakini kuna kitu nilichokificha hata kwa Mama. Jioni ile Baba hakuweza kushuka garini. Tulimpeleka hospitali hivyo hivyo, wakampiga picha, na daktari akanionyesha nyonga. Ilikuwa imevunjika. Alisema mfupa ulioliwa namna ile hauhitaji pigo kubwa, na akaniuliza kama mgonjwa alianguka. Nikasema hapana. Akasema hatainuka tena, na mfupa ukishavunjika hivyo mengine hufuata upesi. Yakafuata. Mama anaamini ni ugonjwa umefika mwisho wake, na mwache aamini. Mimi najua ni lile tuta, na springi tulizochagua, na haya yetu ya kutosema neno moja kwa Shangazi. Safari ya kuja kwako ndiyo iliyomwondoa kabla ya wakati wake.

Nimepima mambo haya mawili usiku na mchana, mdogo wangu: uamini kwamba hakuja, au ujue kwamba alikuja na kuja kwenyewe ndiko kulikomwangusha. Yote mawili ni mazito na sikujua lipi utaliweza. Nimeona nisikuchagulie mzigo mwepesi kwa uongo. Ukinichukia kwa kukuambia, nichukie, nitakuja tu na sweta langu.

Ila ujue na hili. Siku moja kabla hajanyamaza nilimuuliza, kwa kuwa lilikuwa linanila, kama angejua yatakayompata angekubali tulishushe lile gari. Alinitazama kama niliyeuliza swali la kipumbavu. Akasema akipata nafuu hata kesho tutarudi, ila safari hiyo nimsaidie kutafuta namna ya heshima ya kumwacha dada yake nyumbani.

Mama anakusalimu, anasema ule hata kama hujisikii. Shangazi anakusalimu na anauliza kama beseni limekufikia. Fundi Kimya naye anakusalimu, na salamu zake ni ndefu, nimezikata. Nisalimie Winchi, na umshukuru kwa niaba ya nyumba nzima. Kwaheri ya kuonana.

Ni mimi, dada yako mkubwa, dereva wako mpaka utakapotoka.